Nikirudi Tanga, pensheni yangu ya Uingereza itanifuata?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, na mara nyingi nakusoma kwenye basi nikitoka zamu ya usiku. Leo ninalo la kuuliza, maana kila ninayemuuliza ananijibu lake.

Nilizaliwa Januari 1968, sasa nina miaka 58. Nilifika Uingereza mwaka 2002 baada ya kufundisha shule ya msingi mkoani Tanga miaka tisa. Huku nimefanya kazi ya kuhudumia wazee, ile tunayoiita kea, hapa Coventry karibu muda wote. Kila mwezi niliokuwa kazini nimekatwa michango ya bima ya taifa, yaani NI. Nimeingia kwenye tovuti ya serikali nikaona nina miaka 21 iliyotimia. Mapengo yapo. Kati ya 2009 na 2011 sikuwa na kazi ya kueleweka, na mwaka wa kodi 2022/23 nilikaa nyumbani muda mrefu baada ya baba kufariki.

Mama yangu yuko Pangani. Ana miaka 84 na miguu imemkatalia. Wadogo zangu wamekuwa wakimhudumia kwa kupokezana, ila sasa mmoja kahamishiwa Mbeya na mwingine ana mgonjwa wake ndani. Inaniuma kuwaogesha na kuwalisha mama za watu huku wangu akishikwa mkono na jirani kwenda uani. Nimeamua kurudi moja kwa moja, Juni hii Mungu akipenda.

Kinachonikosesha usingizi ni pensheni ya serikali. Wifi yangu anayeishi Reading ananiambia nikiondoka kabla ya umri wa kustaafu kila kitu kinafutwa, kwa hiyo nivumilie, nianze kuipokea nikiwa huku, ndipo niondoke. Mwenzangu wa kazini anasema la, niandike barua nirudishiwe michango yangu kwa mkupuo. Kuna kijana naye kanipigia simu, anadai kampuni yake inaweza kuitoa pensheni yangu yote, ila nitangulize malipo. Na mzee mmoja tunayesali naye kaniambia ukienda nayo Tanzania pensheni inaganda. Sikumwelewa, nikaona aibu kuuliza mara ya pili.

Sikuchukua uraia wa huku. Nina pasipoti yangu ya Tanzania na ukaazi wa kudumu. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto ni wakubwa. Kama kuna haki yangu sitaki kuiacha, nimeitolea jasho. Lakini mama naye hawezi kungoja miaka tisa.

Mama Zuhura,
Coventry

*

Shikamoo Mama Zuhura. Pole kwa msiba wa baba na kwa huo mzigo wa kumuuguza mama kwa simu.

Nianze na la wifi yako, kwa sababu ndilo linalotaka kukuzuia. Pensheni ya serikali ya Uingereza haifutwi kwa kuondoka. Haitegemei pasipoti, wala kibali, wala mahali utakapokuwa siku ya kutimiza umri. Inategemea miaka ya michango iliyo kwenye rekodi yako. Anayestaafu chini ya utaratibu ulioanza Aprili 2016 anahitaji angalau miaka 10 ili apate chochote, na kwa kawaida miaka 35 ili apate kiwango kamili. Wewe una 21. Mlango huo umeshauvuka zamani, na hata ukipanda ndege kesho miaka hiyo 21 inabaki kwenye jina lako ikikusubiri. (Msomaji mwenye miaka saba au minane anayefikiria kuondoka, hebu simama kwanza usome tena hapo kwenye miaka 10. Pungufu ya hapo ni sifuri.)

Kwa aliyezaliwa mwaka wako umri wa kuipata ni 67, yaani Januari 2035. Kiwango kamili kwa sasa ni pauni 241.30 kwa wiki, na kila mwaka wa michango una thamani ya sehemu moja ya thelathini na tano, karibu pauni 6.90 kwa wiki. Miaka yako 21 ni kama pauni 145. Nasema kama, kwa sababu una miaka ya kabla ya 2016, na hiyo ilipigiwa hesabu mara mbili, kwa kanuni za zamani na kwa mpya, ikachukuliwa iliyo bora kwako. Makadirio yaliyo palepale kwenye tovuti ulipoona rekodi ndiyo ya kuamini kuliko hesabu yangu hii.

Sasa hilo la kuganda. Huyo mzee amekwambia kweli, na ndilo ningependa ulielewe kuliko yote.

Kila Aprili pensheni ya serikali hupandishwa kwa kilicho kikubwa kati ya mfumuko wa bei, ongezeko la mishahara na asilimia 2.5. Aliyeko Uingereza hupata nyongeza hiyo. Aliyeko nchi za Umoja wa Ulaya hupata, aliyeko Marekani hupata, aliyeko Ufilipino, Uturuki au Jamaika hupata. Katika Afrika nzima ni Mauritius peke yake. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo, na hata Australia na Kanada, walikoenda Waingereza wengi, hazimo. Katika nchi hizo zilizoachwa, kiasi unacholipwa siku ya kwanza ndicho utakacholipwa hadi mwisho wa maisha yako.

Tazama kwa tarakimu. Mtu aliyeanza kulipwa kiwango kamili Aprili 2016 alipata pauni 155.65 kwa wiki. Kama alikuwa anaishi Tanga, leo hii, miaka kumi baadaye, bado anapata 155.65. Mwenzake aliyebaki Coventry, mwenye michango ileile na aliyestaafu siku ileile, anapata 241.30. Tofauti ni zaidi ya pauni 85 kila wiki, na inazidi kupanuka kila Aprili.

Kwangu mimi huu ni uonevu. Mlikatwa mishahara kwa kanuni moja, hamkuambiwa kuwa pesa ya atakayerudi kwao itapimwa kwa kipimo kingine. Watu wamelipigania mahakamani. Annette Carson, aliyefanya kazi Uingereza kisha akahamia Afrika Kusini, alianza kupokea pensheni mwaka 2000 nayo ikaganda. Alishindwa katika mahakama za Uingereza, akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Machi 2010 majaji wakaamua kwa kura 11 dhidi ya 6 kwamba serikali haikumbagua, kwa hoja kwamba anayeishi ng'ambo hayuko katika hali moja na anayeishi ndani. Majaji sita waliokataa waliliona tulionalo wengi wetu. Hadi leo wastaafu zaidi ya laki nne duniani wanaishi na pensheni iliyoganda. Wanaendelea kudai, nami naungana nao, lakini usipange bajeti ya nyumba kwa kutegemea sheria ambayo haijabadilika.

Hapa ndipo ushauri wa wifi yako unapoanguka. Kungoja Uingereza hadi 67 hakuzuii kuganda. Ukianza kulipwa Coventry kisha ukahamia Tanga, pensheni inaganda kwenye kiwango cha siku unayoondoka. Ukiwa Tanga tangu sasa, inaanza kuganda siku unapotimiza 67, kwa kiwango cha mwaka huo wa 2035. Kati ya leo na siku hiyo haijaganda, maana thamani ya miaka yako inafuata kiwango kamili kitakachokuwapo wakati unaanza kulipwa. Wengi wanadhani kuondoka na miaka 58 ni kugandisha pensheni ukiwa na miaka 58. Sivyo. Kinachopotea kwa kuondoka mapema ni ile miaka tu ya michango ambayo ungeiongeza kazini, na hiyo inaweza kununuliwa ukiwa nyumbani.

Kabla ya kununua, kuna mwaka mmoja ambao unaweza kuupata bure. Mwaka wa kodi wa huko huanza 6 Aprili. Kwa mwajiriwa, mwaka unahesabika kuwa umetimia pindi mshahara wako unapofika kiwango fulani, hata kama miezi iliyobaki hukufanya kazi. Kwa mwaka huu wa 2026/27 kiwango hicho ni takriban pauni 6,700. Hukunitajia mshahara, ila tuseme unalipwa pauni 1,900 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili, Mei na Juni zinakupa 5,700, hazitoshi. Mshahara wa Julai ukiingia unafika 7,600 na mwaka mzima umeandikwa kwako. Shika slipu zako za tangu Aprili, jumlisha, na kama ni hivyo sogeza safari hadi mwanzoni mwa Agosti. Najua wiki tano ni nyingi kwa anayemngoja mama, lakini ukishaondoka mwaka huohuo utaununua kwa karibu pauni 950.

Sasa kununua kwenyewe. Utasikia watu wakisema aliye ng'ambo hulipa pauni tatu na nusu tu kwa wiki. Ilikuwa hivyo, ikaisha Aprili 2026. Siku hizi aliye nje analipa michango ya hiari ya daraja la tatu, ambayo mwaka huu ni pauni 18.40 kwa wiki, na lazima awe ameishi Uingereza miaka 10 mfululizo au amechangia miaka 10. Sharti hilo unalitimiza. Fomu inaitwa CF83, inapelekwa mamlaka ya kodi, HMRC.

Inalipa? Mwaka mmoja unakugharimu karibu pauni 957 na unakuongezea kama pauni 358 kwa mwaka kwenye pensheni, kila mwaka wa uhai wako kuanzia 67. Pesa inarudi kabla hujatimiza miaka mitatu ya kupokea, na hata ikiganda hesabu hiyo haibadiliki. Ukimaliza mwaka huu kazini utakuwa na miaka 22. Ukinunua saba inayofuata, hadi 2033/34, utafika 29, na kwa kiwango cha leo hiyo ni karibu pauni 200 kwa wiki badala ya 152. Mwaka wenyewe utakaotimiza 67 hauhesabiki, kwa hiyo usiulipie. Pengo la 2022/23 bado linazibika, kwa sababu mtu anaruhusiwa kurudi nyuma miaka sita. Mwisho wake ni 5 Aprili 2029. Kama ulifanya kazi miezi kadhaa mwaka huo, utalipia wiki zilizokosekana tu. La 2009 hadi 2011 limeshapita.

Usilipe yote kwa pamoja. Lipa mwaka mmojammoja, na kabla ya kutuma hata senti wapigie simu Future Pension Centre, kituo cha serikali cha makadirio ya pensheni, uwaulize mwaka huo utaongeza kiasi gani kwenye pensheni yako. Kuna miaka ambayo ukilipia haiongezi kitu kulingana na rekodi ya mtu, na kurudishiwa pesa ni usumbufu.

Kuhusu mkupuo. Pensheni ya serikali ya Uingereza haina akiba yako iliyowekwa pembeni ikisubiri kutolewa. Michango ya wanaofanya kazi leo ndiyo inayowalipa wastaafu wa leo. Kwa hiyo hakuna barua ya kurudishiwa, na huyo kijana aliyekupigia simu ni tapeli. Usimpe namba yako ya NI, usimpe tarehe ya kuzaliwa, na kama ulishampa chochote, iarifu benki yako leo.

Inawezekana mwenzako wa kazini anachanganya na pensheni ya mwajiri, na hii hukuitaja kabisa kwenye barua. Tangu 2012 waajiri wa Uingereza walianza kulazimishwa kuwaandikisha wafanyakazi wao kwenye mfuko, hata nyumba ndogo za kea. Tazama slipu yako, karibu na makato ya NI kuna mstari mwingine wa pensheni. Hiyo ndiyo akiba yako hasa, ina jina lako na kiasi chake, na kwa umri wako unaruhusiwa tayari kuigusa. Robo kwa kawaida hutoka bila kodi, inayobaki hutozwa kodi kama mshahara, kwa hiyo kuitoa yote kwa mpigo kunaweza kukupunja sana. Kama umebadilisha waajiri utakuwa na vifuko viwili vitatu. Serikali ina huduma ya bure ya kutafuta mifuko ya zamani, usimlipe mtu kwa kazi hiyo. Wape wote anwani yako mpya kabla hujasafiri.

Nakaza hapo kwa sababu, mama, kati ya Agosti hii na Januari 2035 serikali ya Uingereza haitakulipa kitu. Ni zaidi ya miaka minane. Hofu yako yote umeielekeza kwenye pensheni ya uzeeni, lakini mimi naogopa zaidi miaka hiyo ya katikati. Utakula nini, dawa za mama zitatoka wapi, na hizo pauni 950 za mchango kila mwaka nani atazituma? Kaa na wanao na wadogo zako muongee kwa tarakimu. Anayehama Coventry kwenda kumlea mama anawabebea ndugu zake wote, na ni haki nao wachangie. Zuhura na wenzake wakigawana huo mchango wa hiari, kila mmoja hatausikia sana.

Ukaazi wako wa kudumu nao una saa yake. Ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo unakufa. Pensheni haiguswi, lakini ile njia ambayo wengine huitumia, ya kurudi kuishi huko uzeeni ili pensheni ipandishwe hadi kiwango cha wakati huo, inaweza kuwa imefungwa kwako. Kwa matembezi ni tofauti kidogo, ukiwa unapokea pensheni na ukaenda Uingereza kuwaona wajukuu, unaweza kuomba ulipwe kiwango cha wakati huo kwa muda utakaokuwa huko, kisha kinarudi palepale. Hospitali za bure nazo zinaisha kwa asiyeishi huko tena, kwa hiyo bima ya afya ya nyumbani iingie kwenye bajeti tangu mwezi wa kwanza.

Pensheni haiji yenyewe. Lazima uidai, na aliye nje anaidai kwa International Pension Centre, kituo cha serikali kwa wastaafu walio ng'ambo, kuanzia miezi minne kabla ya siku ya kutimiza umri. Utachagua kulipwa kila wiki 4 au kila wiki 13, kwenye akaunti ya Uingereza au ya Tanzania. Usiifunge akaunti yako ya Coventry kwa haraka, ila iulize benki kama inakubali mteja anayeishi Tanzania, maana nyingine hazikubali.

Baada ya kuanza kulipwa utakuwa unatumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba uko hai. Shahidi asiye ndugu yako anasaini, unairudisha. Isiporudi, malipo yanasimamishwa. Kwa hiyo fikiria vizuri anwani utakayowaandikia. Usiwape S.L.P. ya shule uliyofundisha, wala ya binamu anayefungua sanduku siku akikumbuka. Fungua lako mwenyewe, au la mdogo wako anayepita posta kila wiki, na kila likibadilika wajulishe. Waambie wanao pia kwamba kwa kawaida pensheni hii hairithiwi, wasije wakaikopea.

La mwisho ni la nyumbani. Tanzania na Uingereza hazina mkataba wa kuunganisha miaka ya michango, kwa hiyo ile tisa ya ualimu haiwezi kujazia ya Coventry. Lakini haina maana kwamba imekufa. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kumbukumbu za walimu wa wakati wako ziko huko. Ukifika, nenda ofisi ya PSSSF Tanga mjini ukiwa na barua yako ya ajira, barua ya kuacha kazi kama unayo, slipu zozote za mshahara za miaka ile na kitambulisho. Mwambie mdogo wako aanze kuzitafuta sasa, hasa barua ya ajira, ili Agosti ukitua usipoteze mwezi mzima kufungua masanduku ya zamani.